Mpangaji wa Ndani ya Kiti

Katika ghorofa ya juu ya nyumba ya Lalla Zhor, yaani Bi Zhor, mjini Meknes, walikaa wanafunzi watatu. Lakini kwa serikali walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Djibrine, Mchadi mrefu mwenye sauti ya imamu, aliyesomea uhasibu na kupenda kila jambo liende kwa utaratibu. Wa pili alikuwa Hamadoun, Mmali kutoka Mopti, na hakuna uvumi uliopita hewani bila kutua kwanza kwenye simu yake. Wa tatu aliitwa Mawuli. Huyu alikuwa Mtogo, na kwa lugha ya kwao jina lake maana yake ni "Mungu yupo." Mungu alikuwepo kweli. Mawuli ndiye hakuwepo.

Alifika na begi moja wiki ile ugonjwa ulipofunga vyuo. Bweni alilokaa, katika mji mwingine, lilitiwa kufuli wanafunzi wakiwa hawajamaliza hata kukunja shuka, na kadi yake ya ukaazi ilikuwa imekwisha muda. Alisema atalala siku mbili atafute mahali. Kisha mabasi yakasimamishwa, barabara zikafungwa, watu wakaamriwa wakae majumbani, na siku mbili zikanenepa.

"Redio imetangaza kwamba kadi zilizokwisha muda zihesabiwe bado zi hai," Djibrine alisema. "Twende tukamwandikishe, mambo yawe safi."

"Hujawahi kuona kuku anavyoitwa?" Hamadoun alimjibu. "Haitwi kwa kisu. Huitwa kwa mtama."

Mawuli, ambaye ndiye kuku mwenyewe, aliona afadhali asiandikishwe.

Mtaa ule ulikuwa chini ya Si Bouazza, yaani Bwana Bouazza, mukadamu. Kazi ya mukadamu ni kama ya balozi wa nyumba kumi, ila nyumba zake ni mia kadhaa na masikio yake hayana idadi. Siku zile alikuwa mtu mkubwa kuliko daktari, kwa maana yeye ndiye aliyegawa vibali vya kutokea nje, kimoja kwa kila nyumba, na bila kibali hata kiazi usingekinunua. Alizunguka na pikipiki yake ndogo, masharubu mazito, barakoa ikining'inia kidevuni kama kiota cha ndege.

Asubuhi moja alipanda ngazi bila kuita. Sebuleni kulikuwa na kiti kirefu cha ukutani, kama vilivyo viti vya nyumba zote za kule: sanduku la mbao chini, godoro na mito juu. Mawuli alikuwa na muda wa kufanya jambo moja tu. Alifunua godoro, akajilaza ndani ya sanduku, wenzake wakamfunika. Mlango ukafunguka.

"Amani kwa nyumba hii! Wasenegali wangu, mpo?"

"Tupo, Si Bouazza. Ila mimi ni wa Chad."

"Na mimi wa Mali."

"Naam, huko huko," alisema Si Bouazza, akaenda kuketi moja kwa moja juu ya Mawuli.

Kiti kililia. Si Bouazza akajinyanyua kidogo, akajirudisha kwa kishindo ili akijaribu. Kikalia tena, safari hii kama mtu.

"Kiti chenu kina pumzi."

"Mbao za siku hizi, Si Bouazza," alisema Djibrine, jasho likimtoka. "Hazikauki vizuri."

"Na chai je, nayo haikauki?"

Ikabidi wapike chai. Mukadamu alikuwa na sfenj kwenye karatasi, maandazi ya moto yenye tundu katikati, akayala yote mwenyewe huku akihubiri juu ya kukaa mbali mbali. Hamadoun alizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na kila kiti kilipoguna, yeye alikohoa, mpaka mukadamu akasogea mwisho wa kiti kwa hofu. Huko mwisho ndiko kilikokuwa kichwa cha Mawuli.

"Mko wangapi humu?"

"Wawili."

"Vizuri. Maana mkubwa wangu ananiuliza kila siku." Mkubwa wake huyo, mkuu wa tarafa, kule huitwa kaidi, na Mswahili yeyote aliyewahi kupanga foleni ofisini kwake asingebisha jina hilo. "Nimemwambia: bwana mkubwa, katika mtaa wangu hata paka nawajua kwa majina."

Alimwandikia Djibrine kibali, akajifuta masharubu, akashuka. Mawuli alifukuliwa akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mzee ana mifupa," alisema. "Ila kiti amekipasha moto."

Wakacheka mpaka Lalla Zhor akagonga dari kutoka chini kwa mpini wa ufagio.

*

Walitoka nje kwa zamu, wote watatu kwa kibali na kadi ya Djibrine. Si kwamba walifanana. Djibrine alikuwa mrefu na mwembamba, Hamadoun mfupi wa mabega mapana, Mawuli ana uso wa duara kama sahani. Lakini mtaani waliitwa jina moja, Msenegali, na wenyewe wakaona kama wamepewa jina moja, basi na walitumie.

Siku ya zamu ya Mawuli, askari wa kizuizi cha barabarani aliitazama picha, akamtazama yeye na barakoa yake.

"Umenenepa."

"Kukaa ndani, bwana."

"Sote, ndugu yangu. Sote. Pita."

Mawuli alifurahi na kuumia papo hapo. Alifurahi kwa kuwa hakutambuliwa, akaumia kwa sababu hiyo hiyo.

Dukani kwa Moulay Hafid kulichorwa duara za chaki mahali pa kusimama wateja. Alipoingia kwenye duara yake, mwenye duka alimpungia mkono arudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka karibu na mtaro. Mama mmoja aliyefika baadaye akahudumiwa kwanza, na binti yake naye akahudumiwa.

"Nyinyi ndio mnaozunguka zunguka dunia," Moulay Hafid alisema, si kwa ukali, bali kama anayeeleza hali ya hewa. Kisha akaweka mkate, viazi na mnanaa ndani ya mfuko, akauweka chini, akausukuma kwa ufagio mpaka ukafika miguuni pa Mawuli.

"Asante, Moulay. Umesahau sukari. Nayo uisukume, ila polepole, imechoka na safari."

Wateja walicheka. Moulay Hafid mwenyewe alicheka. Mawuli akarudi nyumbani akiwa na kicheko chao mgongoni, asijue kama amekibeba au amechapwa nacho.

Alipofika, alichambua mnanaa wa chai, akaunusa.

"Ametuuzia majani makavu huyu. Hayana harufu."

Hamadoun aliyachukua. Jiko zima lilikuwa linanukia.

"Usilete mchezo, Mawuli."

"Mchezo gani? Nusa wewe."

"Nimenusa." Hamadoun akakata kitunguu, akamsogezea puani. Mawuli akavuta pumzi, macho yakamtoka machozi, lakini akatikisa kichwa: hakuna kitu. Akaletewa siki. Hakuna kitu. Hamadoun, kwa kukata tamaa, akavua soksi.

"Hakuna," alisema Mawuli, na hapo hakuna aliyecheka, kwa maana soksi za Hamadoun zilijulikana.

*

Siku mbili za kwanza alikuwa na homa ya kawaida, na wakamtibu kwa mvuke wa mkaratusi, kitunguu saumu, na video zote alizotumiwa Hamadoun. Djibrine alitaka waite gari la wagonjwa.

"Wanakuchukua, hawakurudishi," alisema Hamadoun. "Kuna Mguinea mmoja kule Fes. Alikwenda kupimwa tu. Wenzake wanaambiwa amepona, lakini hajaonekana. Ukiingia na kadi iliyokufa, unatokea uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege umefungwa, Hamadoun."

"Basi ndiyo kusema wanakuweka mpaka ufunguliwe."

"Unamjua huyo Mguinea?"

"Namjua anayemjua anayemjua."

Mawuli alikuwa amelala juu ya kiti kile kile alichokuwa akijificha ndani yake. Aliwasikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

"Mnazungumza kama mimi ni godoro," alisema. "Mama yangu aliniaga akaniambia niwe na adabu na watu wenye kofia za kazi. Ameniuliza jana kama nakula vizuri. Nikamwambia nakula vizuri." Akakohoa kwa muda mrefu. "Nisirudishwe nyumbani bila cheti. Hilo tu."

Djibrine aliipiga namba ya dharura. Alikuwa ameandaa maneno, lakini sauti ya mwanamke ilipojibu, na Hamadoun akamkazia macho, utaratibu wake wote ulimponyoka.

"Nani mgonjwa?"

"Ni... binamu yangu."

"Ana dalili gani?"

Akazitaja zote, vizuri, kwa mpangilio.

"Yuko wapi?"

Djibrine alimwangalia Mawuli, akaangalia dirisha, akaona pikipiki ya mukadamu ikipita chini.

"Yuko Abéché."

"Abéché ni mtaa gani?"

"Ni... Chad."

"Bwana," mwanamke alisema kwa uchovu wa watu wanaopokea simu mchana kutwa, "basi wapigie Chad." Akakata.

Kwa mara ya kwanza tangu homa ianze, Mawuli alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikagoma kuisha, na kilipoisha, midomo yake ilikuwa na rangi ambayo hawakuipenda. Akawa anapumua kama mtu anayepanda ngazi akiwa amelala.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Lalla Zhor na ufagio wake. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mfupi, na aliwapangisha kwa sharti kwamba wawe wawili tu, kwa sababu, alivyosema, watatu huanza siasa.

"Nimesikia kikohozi ambacho si cha Mchadi wala si cha Mmali," alisema. Huyu walau aliwajua. Akatazama kitini. "Na huyu ni wa nani?"

"Ni mgeni, Lalla," alisema Hamadoun. "Amefika jana."

"Jana! Choo changu kinavuta maji ya watu watatu tangu machungwa yangali mtini." Alisogea, barakoa yake ya kitambaa cha maua ikipanda na kushuka. "Kwa nini hamjamwita mtu?"

"Tunaogopa, Lalla. Serikali..."

"Mimi serikali siiamini tangu ilipovunja kibanda changu cha nyuzi bila kunipa hata pole. Lakini Bouazza si serikali. Bouazza ni mtu anayependa chai." Akamgusa Djibrine kifuani kwa ncha ya ufagio. "Mwite. Huyu akifia kwenye kiti changu, mimi nitawafuata nyinyi mpaka akhera na mpini huu."

*

Si Bouazza alifika akitweta. Alisimama mlangoni, akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili. Kidole kikabaki hewani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hakufoka. Aliipandisha barakoa mpaka puani, akakaa chini sakafuni, akashika kichwa.

"Mmeniua," alisema.

"Si Bouazza, mwenzetu hapumui..."

"Nimemwapia kaidi! Nimemwambia hata paka! Mbele ya makamu wake! Sasa niende nimwambie nini? Kwamba paka mmoja ana urefu wa mtu mzima?" Akainua macho. "Mnajua anachowafanyia mukadamu waongo? Rafiki yangu wa ng'ambo ya mto sasa hivi analinda makaburi."

Djibrine na Hamadoun walitazamana. Siku zote walidhani hofu inapanda ngazi kutoka mtaani kwenda kwa mukadamu na kuishia pale. Kumbe inabadilisha viatu tu, inaendelea kupanda.

"Tuseme amefika leo," mukadamu alisema, akiwa tayari amesimama. "Amefika leo asubuhi, nikamgundua mara moja."

"Amefikaje? Hakuna mabasi," alisema Djibrine.

"Kwa miguu."

"Na homa hiyo?"

"Kwa punda!"

"Vizuizi vyote vile, askari hawakumwona mtu mweusi juu ya punda?" aliuliza Hamadoun, ambaye hata katika msiba hakuweza kuiacha hadithi mbovu ipite bila kuirekebisha. "Afadhali lori la karoti. Ndani ya karoti."

"Karoti. Vizuri. Karoti." Mukadamu akamwinamia mgonjwa, kwa umbali. "Kijana, unasikia? Ulikuja ndani ya karoti."

Mawuli alifumbua macho. Homa ilikuwa imemwondolea ujanja wote, ikamwachia ukweli tu.

"Bwana," alisema, akivuta hewa kati ya maneno, "nilikuwa ndani ya kiti. Siku ile. Ulinikalia."

Si Bouazza alikitazama kiti. Alikitazama kwa muda, na wote waliona anavyokumbuka, tundu moja la sfenj baada ya jingine.

"Kile kilio..."

"Kilikuwa mimi."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini, bwana? Ulikuwa unakula."

Masharubu ya mukadamu yakatikisika chini ya barakoa, na haikujulikana kama ni hasira au ni kitu kingine. Kisha akatoa simu, akaita gari la wagonjwa, akataja mtaa, akataja nyumba, akasema, "Watu watatu. Ndiyo, watatu, nimesema. Mmoja hali yake mbaya. Haraka, mwanangu, haraka." Karoti hakuzitaja.

Walikuja watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, na mtaa wote ukajaa madirishani. Mawuli alishushwa kwa machela. Djibrine na Hamadoun walishuka nyuma yake kwa miguu, kila mmoja na mfuko wa nguo, wakitazamwa kama wezi wanaoonyeshwa. Moulay Hafid alifunga duka lake wakipita. Sauti ya mtoto ilisema neno fulani, mama yake akamziba mdomo, akiwa amechelewa. Lalla Zhor alisimama mlangoni kwake na ufagio wima kama bendera, akitazama madirisha moja moja mpaka yakaanza kujifunga.

*

Kuhusu hospitali, Hamadoun alikuwa amekosea, lakini hakukosea yote. Mawuli alilazwa koridoni siku nzima kabla kitanda hakijapatikana. Supu ilikuja baridi. Mhudumu mmoja alimfokea kwa lugha ambayo hakuielewa, kisha akamwita Msenegali kwa lugha aliyoielewa. Askari aliitazama kadi yake, akasema imetangazwa kwamba ziko hai, akamrudishia. Na hewa ilikuwepo. Ilipita ndani ya mrija ikiimba, na muuguzi mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi alikuja kuirekebisha usiku na mchana. Hakuna aliyemuuliza alifikaje Meknes. Hakuna aliyekuwa na nafasi.

Wenzake waliwekwa katika hosteli tupu mpaka walipoonekana wazima. Yule Mguinea wa Fes naye alikuwa ameletwa huko, anacheza karata. Alikuwa ameshapona na alikataa kuwajibu wenzake simu kwa sababu hakutaka kurudi kupika zamu yake.

Kaidi naye alimfokea Si Bouazza asubuhi nzima, lakini hakumpeleka makaburini. Nyumba za mtaa ule zilihesabiwa upya, na wakapatikana watu kumi na mmoja wasiokuwepo, wote wakaandikishwa.

Mawuli aliporudi, nguo zikimpwaya, Lalla Zhor alimpikia harira, supu yao nzito ya dengu, akamsimamia aimalize. Na siku chache baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Lalla Rkia, mke wa mukadamu, amekuja kwa miguu, analia kwa hasira.

"Wanangu, nisaidieni. Mume wangu ana homa. Amejifungia chumba cha darini, anakohoa huko kama mbuzi. Hataki hospitali, hataki daktari. Kaidi amepiga simu, nimeambiwa niseme amekwenda kumzika shangazi. Shangazi mwenyewe yuko jikoni kwangu anamenya viazi!"

Walikwenda wote watatu. Juu darini, kati ya kamba za kufulia, palikuwa na mlango wa bati.

"Nani?" sauti ilitoka ndani, nyembamba.

"Djibrine, Hamadoun na Mawuli."

"Mmetumwa?"

"Na mkeo."

"Hiyo ndiyo serikali mbaya kuliko zote. Ondokeni, msije mkaambukizwa."

Djibrine alianza kwa utaratibu: dalili, hatari, takwimu. Mlango haukutikisika. Hamadoun akajaribu.

"Si Bouazza, huko si kama wanavyosema watu."

"Nani amekwambia?"

Hamadoun alijikuna shingo. "Mimi ndiye niliyekuwa nasema."

"Wanangu." Mukadamu alikohoa, akapumzika, akaanza upya. "Nyinyi hamuwajui wale. Mimi nafanya nao kazi."

Lalla Rkia alijifuta uso kwa ushungi. Mawuli akaketi chini, mgongo kwenye bati.

"Ni kweli," alisema. "Walinilaza koridoni. Supu yao ni baridi, na chumvi hawaijui. Kuna mmoja atakufokea. Usimjali, anafoka hata kwa ukuta. Simu yangu waliipoteza kwa siku nzima, ikapatikana kwenye ndoo." Akangoja. "Lakini hewa ipo, Si Bouazza. Wewe sasa hivi kila neno unalinunua kwa pumzi. Nakusikia. Nami nilikuwa hivyo hivyo."

Komeo likasogea.

Mukadamu alitoka akiwa na kanzu ya kulalia, masharubu yamelala. Ngazi zilikuwa nyembamba, na Mawuli, aliyeambiwa na daktari kwamba sasa ugonjwa haumtaki tena kwa muda, ndiye aliyemshika mkono. Gari la wagonjwa lilipofika hospitali, Mawuli akashuka naye mpaka getini.

"Utaingia nami?"

"Hawaruhusu."

"Basi simama hapo nje. Nikifika juu nikuone."

Si Bouazza alipona. Alirudi kwake mwisho wa mwezi, mwembamba, akilalamikia chumvi. Lakini siku ile hakuna aliyejua hivyo. Mawuli alisimama getini mpaka mlinzi akamfukuza. Akavuka barabara, akasimama tena kwenye kivuli cha ukuta, kibali cha nyumba mfukoni, safari hii chenye jina lake mwenyewe, akitazama madirisha ya juu. Baada ya muda mkono ulitokea kwenye dirisha moja, ukapunga. Ulikuwa mbali sana. Huenda ulikuwa wa mukadamu, huenda ulikuwa wa mgonjwa mwingine kabisa, au mtu alikuwa anafuta kioo tu.

Mawuli aliupungia kwa mikono yote miwili.